Ukuta wa Vidole wa Kwemsaza

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya alfajiri, kijijini Kwemsaza, nikiwa na mwiko, ndoo ya saruji na nia njema kabisa. Nilifuta alama za vidole vya wanawake kumi na tisa kwenye ukuta waliokuwa wameukandika jana yake. Niliona umepinda, nikaunyoosha, na sikumuuliza mtu.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki kwenye meza za ramani. Juzi, kwenye chai ya kuniaga, mmoja wenu alisimama akasema kwamba Hatibu hakuwahi kukosea kipimo. Sikumkatiza kwa sababu nilikuwa na andazi mdomoni. Na ni kweli, vipimo vyangu vya Kwemsaza vilikuwa sawasawa. Ukuta ulibomoka ukiwa sawasawa.

Najua mnacheka kwamba nastaafu na miaka thelathini na minane. Baba yangu, ambaye bado anashona viatu kila siku, ameanza kuniamkia "shikamoo, mstaafu". Chokaa mbichi iliniingia jicho la kulia, daktari akanikataza vumbi la aina yoyote, na fundi wa udongo asiyetakiwa kukaribia vumbi hana kazi. Kwa hiyo naondoka. Sijafukuzwa, sijachoka, na sijabadili mawazo. Wanaosema tumepoteza miaka yote hii kuwajengea wanavijiji nyumba za tope, waendelee kusema. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo hayabebi paa.

Niseme na hili mapema, maana wengine wenu mmesoma na mnaona haya kuniuliza: sina cheti chochote cha ujenzi. Nilijifunza kuchora kwa kutoa kopi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi kwenye duka la steshenari kule mjini, mtaa wa Mabawa, lenye mashine kubwa ya kutoa kopi za ramani za nyumba. Makandarasi walileta makaratasi yao marefu, wakaenda kunywa supu, nami nikabaki nayo. Mwanzoni niliyaangalia ili nisiharibu kopi. Baadaye nikayaangalia kwa sababu nyingine. Nilitaka kujua kwa nini choo kiko huku na si kule, na kwa nini dirisha la jiko ni dogo wakati jiko ndilo lenye moshi. Kila ramani niliyoona ina kosa niliichora upya kwenye daftari langu, kosa likiwa limeondolewa. Hakuna aliyeniomba. Mstari ukinitoka nje ya rula kidogo tu, nilichana karatasi na kuanza upya. Mwenye duka alidhani mashine ndiyo inayokula karatasi. Aliita fundi mara mbili.

Jumapili nilikwenda Chumbageni kupima nyumba za zamani kwa futi ya kushonea ya dada yangu. Kulikuwa na moja yenye kuta nene za mawe na chokaa, ambayo ndani yake saa saba mchana ilikuwa na ubaridi kama mtungi. Mwenye nyumba, bibi mmoja mnene, alinitazama nikizunguka na futi yangu mpaka akachoka.

"Wapima ununue?"

"Hapana, bibi. Najifunza."

"Wajifunza nini kwa gofu hili? Wanangu wataka kulivunja wajenge ya bloku."

"Wasilivunje."

Alicheka hadi akakohoa. "Haya, kawaambie weye."

Niliwaambia. Wakaivunja. Siku ya kuvunja nilikuwepo, na pamoja na uchungu wote niliokuwa nao, nilijifunza asubuhi ile kuliko mwaka mzima wa kopi. Ukuta ukikatwa unaonyesha tumbo lake: mawe makubwa pembeni, mawe madogo katikati, na chokaa iliyoshika kila kitu bila kukibana. Niliondoka na kipande mfukoni. Bado ninacho.

Daftari lile ndilo lililonileta kwenye chama chetu, enzi hizo kikiwa na watu watatu na stuli mbili. Tulikuwa tunachora majengo ya vijiji: madarasa ya awali, mabanda ya soko, nyumba za mikutano, yote kwa vitu vinavyopatikana palepale. Siku yangu ya kwanza sikupewa hata stuli. Nilipelekwa pwani ya Mtang'ata kwa Fundi Mbaruku, mchoma chokaa, mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua mara nyingi mpaka zikakata tamaa ya kuota.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Weye ndiye mchoraji?"

"Ndiye mimi."

"Umebeba nini humo?"

Nilifungua mkoba kwa fahari. Pimamaji, timazi, rula tatu, futi ya chuma, kalamu ngumu na kalamu laini. Alivitazama kimoja kimoja.

"Na mikono umeileta?"

Kwa Fundi Mbaruku nilijifunza kuutia udongo kwenye chupa ya maji, kuutikisa, na kuusubiri utulie ili nione mchanga ni kiasi gani na mfinyanzi ni kiasi gani. Nilijifunza kuviringisha udongo kama chapati ya kukunja na kuona unakatika wapi. Zaidi ya yote nilijifunza kuhusu shimo. Chokaa ikishazimwa kwa maji hulazwa shimoni, ikafunikwa kwa magunia na mchanga, ikaachwa wiki nyingi hadi iwe laini kama samli. Mimi nilikuwa nalifunua kila asubuhi.

"Wafanyani hapo?"

"Naangalia kama imekuwa tayari."

"Na jana uliangalia nini?"

"Hilohilo."

"Na ikakwambiaje?"

Siku ya nne aliweka mkeka wake juu ya shimo, akakaa kitako na buli lake la kahawa, na hapo ndipo palipokuwa ofisi yake mpaka chokaa ilipoiva. Nilidhani ananidhihaki. Alikuwa ananidhihaki, ila pia alikuwa ananifundisha, nami nilisikia ile dhihaka tu.

Kwemsaza ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuchora peke yangu. Ni kijiji cha ndani huko ng'ambo ya Muheza, unapita mashamba ya michungwa mpaka barabara inakata tamaa. Kina zahanati ndogo yenye nesi mmoja, Sista Agnes, mtoto wa familia ya Walutheri walioshuka milimani zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Yeye ndiye aliyetuita. Vitongoji vingi vya kijiji viko ng'ambo ya mto, na masika yakikolea mto unakata njia. Mama mjamzito akishikwa na uchungu huko, hafiki. Sista Agnes alitaka nyumba ya vyumba vinne karibu na zahanati, akina mama wavuke mto mapema na kusubiria hapo wiki zao za mwisho.

Hakuieleza kwa maneno mengi. Alinipeleka ng'ambo ya mto kwa Bi Zuhura, mkuu wa akina mama wa kijiji, ambaye binti yake Mwajuma alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele. Mwaka uliotangulia, mto ukiwa umekata njia ya zahanati, Mwajuma alipakiwa kwenye pikapu ya machungwa iliyokuwa inakwenda Muheza, akajifungulia juu ya magunia. Mtoto hakufika Muheza. Sasa Mwajuma alikuwa na mimba nyingine, na hesabu ya Sista Agnes ilimweka katikati ya masika.

"Nyumba yako itakuwa tayari?" Bi Zuhura aliniuliza.

"Itakuwa tayari, mama. Na itakuwa nzuri."

"Nzuri baadaye. Kwanza iwepo."

Kulikuwa na sharti. Injinia aliyekuwa na usemi juu ya kile kiwanja, kijana mwenye buti safi, alikuwa amesema hataki nyumba ya tope kwenye eneo la zahanati. Tulimbembeleza mpaka akakubali jaribio: msimu mmoja wa masika. Akikuta kuta zina nyufa, anaiandika ibomolewe, kiwanja kisubiri jengo la bloku. Jengo hilo la bloku lilikuwa na ramani nzuri sana. Niliwahi kuitoa kopi. Halikuwa na kitu kingine.

Basi nilichora nyumba ile kama mtu anayeandika barua kwa mahakama. Msingi wa mawe hadi magotini ili maji yanayoruka yasiuguse udongo. Juu yake miti na fito, zikijazwa mawe madogo na udongo wa kichuguu. Paa la makuti, kwa sababu bati hugeuza chumba kuwa tanuri na mama mjamzito si mkate. Upenu mpana wa hatua mbili kuzunguka nyumba nzima, na baraza ndefu upande wa zahanati. Nilichora mara kumi na moja. Fundi Mbaruku, aliyekuja nami, aliniambia ya pili ilitosha.

Kukandika kulifanyika kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu. Walikuja wanawake kumi na tisa na ndoo zao, na Bi Zuhura akawagawia ukuta kwa hatua za miguu yake mwenyewe. Huyu hatua tatu, yule nne, mama mwenye kichanga hatua mbili. Walikanyaga udongo pamoja na nyuzi fupi za katani, wakaupiga ukutani kwa viganja, wakasugua, na mwisho kila mmoja akapitisha vidole kwenye udongo wake uliokuwa bado mbichi. Mmoja alichora mawimbi, mwingine mistari ya kusimama, mwingine kitu kama miiba ya samaki. Nilidhani ni mapambo.

Mimi nilikuwa natembea nyuma yao na pimamaji na daftari. Niliandika kila kipande kwenye safu tatu: jina, hatua, kasoro. Nilikuwa na adabu ya kutosha kutosema kwa sauti, lakini uso ulikuwa unasema. Mama mmoja, Mama Yohana, aligeuka akaniambia, "Kaka, umekunywa dawa chungu?" Wote wakacheka. Wakaniita Bwana Pimamaji kuanzia hapo.

Usiku ule usingizi wangu haukuwa wa maana. Ndotoni nilimwona injinia akiweka pimamaji lake ukutani na kutikisa kichwa. Adhana ya alfajiri ilinikuta tayari niko pale na mwiko, na mifuko miwili ya saruji iliyobaki baada ya kusakafia zahanati. Nilikwangua matumbo, yaani sehemu zilizotokeza, nikajaza mabonde, kisha nikapiga lipu nyembamba ya saruji kuta zote za nje. Fundi Mbaruku alikuwa ameniambia si mara moja kwamba udongo hupumua na saruji huuziba pumzi. Nililijua hilo. Naliandika hapa ili msije mkanitetea kwamba sikujua. Nilitaka tu uonekane sawa.

Jua lilipopanda ukuta ulikuwa laini kama karatasi, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Bi Zuhura ndiye aliyefika kwanza, na nyuma yake wengine, na ndoo za kuanza kuta za ndani.

"Nani kapita hapa?"

"Mimi, mama. Nimesawazisha tu kidogo."

"Kwangu kuko wapi?"

Sikumwelewa. "Kwako wapi, mama?"

Alitembea kutoka kona ya mlango, akahesabu hatua kwa sauti, akasimama, akaweka kiganja kwenye saruji. Nilidhani atanipiga. Angenipiga ingekuwa nafuu.

"Jamani, mtaalamu kamaliza," aliwaambia wenzake. "Hatutakiwi tena. Bwana Pimamaji, ukuta wako huo. Uishi nao salama."

Wakaondoka na ndoo zao. Kuta za ndani nilikandika mwenyewe na Fundi Mbaruku, ambaye kwa siku nne hakunisemesha ila kuniomba maji.

Masika yaliingia. Wiki ya kwanza hakuna kitu, nami nikaanza kuota majibu ya kumpa injinia. Wiki ya pili niliona ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na mvua ya upepo, umevimba. Maji yalipenya kwenye nyufa nyembamba za saruji, yakaingia ndani, yakakosa njia ya kutoka. Nilipogonga kwa kidole ulitoa sauti ya kopo tupu. Kesho yake bamba la lipu pana kama mlango lilishuka lote pamoja na udongo wake, likaacha fito wazi. Watu walipita njiani kwenda kisimani, wakatazama, wakaendelea kupita. Hakuna aliyesimama hata kuuliza.

Injinia alikuja, akapiga picha, hakutukana. "Nitarudi baada ya wiki mbili kuandika ripoti," alisema. "Nikikuta hivi, ndugu yangu, nitaandika nilichokikuta."

Sista Agnes alingoja mpaka gari lilipoondoka. "Mwajuma amebakiza wiki nne. Mto umeshafika kwenye mawe ya kuvukia. Kaka Hatibu, mimi sihitaji ukuta ulionyooka. Nahitaji mahali pa kumlaza."

"Nitaujenga upya."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Huo ndio ugonjwa wako," alisema, na akaingia ndani kwa wagonjwa wengine.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura. Alikuwa jikoni, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nilimwamkia, akaitika, akaendelea kukuna. Nilimwambia nimekosa. Akauliza nimekosa nini. Nikasema nimetumia saruji.

"Hilo si kosa la kuniambia mie. Hilo kamwambie Mbaruku."

Ndipo aliponieleza, bila kunitazama, kitu ambacho kila mtoto wa Kwemsaza alikijua. Kukandika hakuishi siku ya kukandika. Masika yakipita kila mwaka, ukuta wa pamoja hurudiwa, na kila mwanamke hurudia pale penye vidole vyake. Mvua ikila kipande, kila anayepita anajua ni kwa nani, na mwenye kipande husikia aibu, huja na ndoo yake. Nyumba ya mikutano ya babu zao ilisimama hivyo.

"Sasa pale patakapobomoka atakuja nani? Pameandikwa nini? Pameandikwa Bwana Pimamaji." Aligonga kibao cha mbuzi kwa kisu. "Mwanangu yule ndani ndiye anayekwenda kulala mle. Wadhani mie nataka ibomoke? Nilipita pale jana nikaona fito, moyo ukataka kutoka. Lakini nitaziba kwa nani? Sipajui kwangu."

"Mimi napajua," nilisema.

Hapo ndipo aliponitazama.

Nilitoa daftari. Kila kipande kilikuwamo: jina, hatua, kasoro. Alisema nimsomee. Nikasoma cha kwanza, nikajaribu kuiruka safu ya tatu, lakini hakujua kusoma na bado aliona kwamba jicho limeruka.

"Na hapo je?"

"Hapo ni maelezo ya fundi, mama."

"Yasome."

Niliyasoma. Akamwita Mwajuma akawaite wenzake, wote, sasa hivi, na waje bila ndoo.

Hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote nilizopitia kazini, na nimewahi kuning'inia kwenye boriti iliyokatika. Nilisimama uani mbele ya wanawake kumi na tisa, mvua ikidondoka kwenye makuti, nikasoma makosa yao niliyoyaandika kwa siri.

"Mama Asha. Hatua tatu, kulia mwa mlango. Tumbo, sentimita mbili na nusu."

Kisha Mama Asha akajishika kiuno. "Eti tumbo! Lako hilo ulilolibeba wewe umelipima?"

"Mama Yohana. Hatua nne. Umelala nyuma juu, kama mtu anayesinzia."

"Ndiyo mimi huyo," Mama Yohana akasema, "kanisani pia nasinzia hivyo hivyo."

Waliangua kicheko, na kuanzia hapo sikuweza kusoma sawasawa, maana kila nilipotaja kasoro mwenyewe aliidaka kabla sijamaliza jina. Bonde la Mama Tatu. Mawimbi yaliyopanda mlima. Wakabishana nani kapinda zaidi. Mmoja alidai tumbo la sentimita tatu lililokuwa la jirani yake, wakataka nirudie kusoma, nikarudia. Bi Zuhura alikuwa wa mwisho.

"Bi Zuhura. Hatua tano, kona ya magharibi." Nilisita. "Hakuna kasoro."

"Muongo."

"Imeandikwa hivyo, mama."

"Basi hukupima vizuri. Twende."

Tulitoa saruji yote kwa patasi, taratibu, tusije tukashuka na udongo. Fundi Mbaruku alileta chokaa ya shimoni, ile aliyoikalia na mkeka wake, tukaichanganya na mchanga na katani. Tulitundika makuti ya zamani upande wa upepo, na ndani tukawasha majiko ya makumbi ya nazi mchana kutwa ili kuta zikauke. Nilikuwa nashika futi, nasoma jina na hatua, mwenye jina anasimama pale anapiga kazi. Vidole vikarudi. Pimamaji nililiacha zahanati kwenye kabati la dawa, na Sista Agnes akalifungia.

Injinia alirudi siku aliyosema. Wanawake walikuwa wamesimama ukutani, kila mmoja kwake, kama watu wanaopigwa picha. Alitoa pimamaji lake, akaliweka, akalitazama, akanitazama.

"Huu ukuta umepinda."

"Umepinda," nilisema.

Sikuwahi kulitamka neno lile juu ya kazi yangu bila kuongeza sababu. Nilingoja nife. Sikufa.

"Na unaukubali hivyo?"

"Naukubali. Masharti yako hayakusema kupinda, yalisema nyufa. Zitafute. Ukiupata mmoja, nitaandika hiyo ripoti mimi mwenyewe."

Alizunguka nyumba mara mbili. Alichomoa ufunguo akachokoa hapa na pale. Alipofika kona ya magharibi aliegemea kwa mkono ili achungulie chini ya upenu.

"Injinia," Bi Zuhura akamwambia, "hapo ni kwangu. Toa mkono, hapajakauka."

Alipoutoa, kiganja chake kilibaki pale, vidole vitano, kizuri kabisa.

"Mmh," akasema Mama Asha. "Huyu naye kashapata kipande. Masika yajayo tutakuona na ndoo, baba."

Hata dereva wake alicheka. Injinia alijifuta mkono kwa leso, akaandika mistari michache, akanisomea ili yasije yakasemwa mengine: nyufa hazikuonekana, jengo liendelee kutumika. Alipoondoka niliketi kwenye msingi.

Mwajuma aliingia siku ya tatu baada ya hapo, na mkeka, kanga na redio ndogo, mama yake akiwa nyuma yake. Kesho yake mto ulifunika mawe ya kuvukia. Alikaa siku kumi na mbili kwenye chumba cha kona. Siku aliyopelekwa zahanati nilikuwa napima rafu ambayo haikuhitaji kupimwa, mpaka Sista Agnes akatoka, akanawa mikono taratibu kwenye ndoo ya barazani, akasema, "Wote wawili wazima. Wa kike." Bi Zuhura aliingia ndani bila kuvua viatu, na Sista Agnes, ambaye angekufa kwa ajili ya sakafu ile, hakumwambia kitu.

Baada ya Kwemsaza nilijenga mengine mengi, nanyi mnayajua, mengine mmeyachora nami. Si yote yalikwenda vizuri. Kuna kijiji mwenyekiti wake alinifukuza mkutanoni: "Udongo tumezaliwa nao, sisi tunataka kuhama, wewe unatuletea ramani ya kurudi." Nilikasirika wiki nzima. Sasa naona alikuwa na haki ya kuuliza, nami nilikuwa na wajibu wa kumpeleka Kwemsaza akaguse ukuta, badala ya kumwonyesha michoro. Kuna wageni walioomba kuona cheti changu kabla ya kuona jengo. Nilikuwa nawapa kile kipande cha ukuta wa Chumbageni, kimekaa mfukoni miaka yote na bado kigumu. Wengine walikirudisha bila kuelewa. Sikuwafafanulia. Fundi Mbaruku alifariki akiwa na nyusi zilezile.

Jicho nililiumiza kwa uzembe wangu, nikilifunua shimo la chokaa kabla ya wakati wake. Ndiyo, hilohilo. Msicheke sana. Siku hizi nikitazama ukuta kwa jicho moja siwezi kujua kama umenyooka, na nimegundua kwamba kwa kazi yenu hii silihitaji sana hilo jicho jingine. Wakija kuwaambia tope ni umaskini, msitafute maneno mazuri. Waambieni waje baada ya masika watafute ufa.

Daftari la Kwemsaza nimewaachia kwenye droo ya chini. Lina safu mbili, jina na hatua. Ile ya tatu niliifuta mwaka uleule. Kwemsaza masika yakiisha kila mwanamke anatoka na ndoo yake anakwenda kurudia kwake, na kipande cha yule injinia anakirudia Mwajuma. Hawajaniita tena.